Pua iliyopinda: kabla hujauliza bei ya kuinyoosha, jua kwanza kilichopinda ni kipi

Wanajamvi, salaam.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma humu ndani maswali yanayofanana. Mtu anaweka picha ya uso wake, pua ameizungushia duara jekundu, kisha anauliza ni hospitali gani inayonyoosha pua na kwa shilingi ngapi. Wanaojibu huwa ni makundi mawili, wanaocheka na wanaotaja bei za nje ya nchi, na ni nadra kumwona anayemrudishia mwenye pua swali ambalo daktari angeanza nalo: je, hewa inapita? Nimefungua uzi huu kwa sababu niliishi na pua iliyopinda kwa miaka 16 nikiamini kuwa shida yangu ni sura peke yake, kumbe muda wote huo nilikuwa ninapumua kwa tundu moja na kulala kinywa wazi. Mimi si daktari. Ninayoyaandika nimeyaokota kwenye mabenchi ya kliniki ya masikio, pua na koo, kwa kuwauliza wataalamu hadi wakanichoka, na kwa kusoma. Anayeona nimekosea anisahihishe.

Pua yangu ilivunjika nikiwa kidato cha pili, kwenye mpira. Beki wa timu pinzani aliruka kupiga kichwa, nami nikaruka, kiwiko chake kikatua juu ya pua yangu, na nikasikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu kilichokanyagwa. Walionizunguka walifanya kila kisichotakiwa: walinilaza chali, wakanirudisha kichwa nyuma, wakanimwagia maji ya ndoo utosini, nami nikaimeza damu yangu mpaka nikatapika. Mtu anayetokwa na damu puani, huo muhina kama wazee walivyouita, hukaa wima, huinama mbele kidogo, na hubana sehemu laini ya pua, si ile ya mfupa, kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia ili kuchungulia. Kwenye zahanati nilipewa dawa ya maumivu, nikaambiwa kuwa pua haifungwi plasta kama mkono, kwa hiyo niende zangu nyumbani. Siku ya tano uvimbe ulipopungua, mgongo wa pua ukaonekana umelala kushoto. Mama akasema nikikua itajinyoosha. Haikujinyoosha. Nilipoanza kuvaa miwani chuoni, fremu ilikaa upogo kila siku, na nilibadilisha mafundi wa miwani watatu nikiwalaumu kuwa hawajui kazi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinabeba jambo linalowapita wengi: pua iliyovunjika haisubiri. Ukifika kwa daktari katika saa chache za mwanzo, kabla uso haujavimba, mfupa unaweza kurudishwa mahali pake siku hiyohiyo. Uvimbe ukishatanda, daktari huona heri asubiri siku tatu hadi tano upungue, ndipo ajue anachokishika. Baada ya hapo mifupa huanza kushikana ilivyo, kwa mtu mzima ndani ya wiki mbili hivi, kwa mtoto haraka zaidi, karibu wiki moja tu. Ndani ya muda huo kazi yenyewe si kubwa: unapewa ganzi au usingizi mfupi, chombo bapa kinaingizwa puani kuunyanyua mfupa uliobonyea, kidole gumba kinasukuma kwa nje, na kigao kigumu kinabandikwa juu ya pua kwa muda wa wiki moja. Ukichelewa, mfupa unakuwa umeunga ukiwa umepinda, na kuunyoosha kutahitaji upasuaji kamili ambao kwa kawaida hufanywa miezi mitatu hadi sita baada ya ajali, tishu zikishatulia.

Wengi hudai eksirei na hukasirika wasipopewa. Kwa pua peke yake, eksirei ya kawaida haisaidii sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya pua haionekani humo, na mistari ya kawaida ya mifupa huweza kudhaniwa kuwa ni nyufa. Macho na vidole vya daktari hueleza zaidi. Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mifupa tabaka kwa tabaka, huwa na maana pale inapohofiwa kuwa na mifupa mingine ya uso imevunjika. Na kuna dalili moja isiyostahili kungojewa hata kidogo: baada ya kipigo kichwani, pua ikitoa maji maangavu mepesi yasiyokoma, hasa ukiinama, hayo huenda si kamasi bali ni maji yanayozunguka ubongo, na safari ya hospitali ni ya wakati huohuo.

Sasa tuingie kwenye pua yenyewe. Weka ncha ya kidole katikati ya nyusi zako, kisha ukishushe polepole juu ya mgongo wa pua. Theluthi ya juu ni ngumu kama kifundo cha mkono. Hapo kuna mifupa miwili midogo iliyoegemeana. Ukiendelea kushuka, utafika mahali ambapo ugumu unakatika na kidole kinaanza kubonyea: hapo mfupa umekwisha, na kuanzia hapo hadi nchani unashika gegedu, yaani ule mfupa mwororo unaofanana na wa sikio. Ndani, katikati, kuna ukuta unaotenganisha matundu mawili, mbele ukiwa wa gegedu na nyuma ukiwa wa mifupa myembamba. Ukuta huu ndio mwenye nyumba. Nguzo ya kati ya banda ikiegemea, paa nalo huegemea, na mtu anayepanda juu kunyoosha bati huku nguzo imeachwa vilevile atakuwa anajichosha. Ndiyo maana daktari mwenye uzoefu, ukimwonyesha pua iliyopinda kwa nje, hukimbilia kuwasha taa na kuangalia ndani.

Kwa hiyo pua zinazoitwa kwa jina moja, pua iliyopinda, si ugonjwa mmoja. Kuna iliyokwenda upande yote kwa pamoja, imenyooka lakini mshazari, na hiyo mara nyingi mifupa ya juu imesukumwa na kipigo. Kuna inayojikunja kama herufi C, na kuna ya S ambayo huenda kushoto kisha ikajirudi kulia, nayo ndiyo inayowasumbua wapasuaji kuliko zote. Kuna ambayo mgongo wake uko sawa kabisa ila ncha imegeuka, na ukitazama kwa chini unaona ukingo wa ule ukuta umechungulia kwenye tundu moja. Na kuna pua isiyo na kosa lolote, iliyokaa kwenye uso ambao nusu moja ni pana kuliko nyingine; uso wa binadamu hauko sawa pande zote, na pua husingiziwa kwa sababu imekaa katikati.

Ukitaka kujipima, usitumie picha ya kujipiga mwenyewe kwa simu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kuwa picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimeta 30 huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko iliyopigwa kwa umbali wa mita moja na nusu. Mkono ukiwa umenyooshwa pembeni kidogo, upindo nao hukuzwa. Tena kamera ya mbele hukuonyesha kama kioo, na simu nyingine zikihifadhi picha huigeuza, ndipo mtu anapodhani pua yake imehama usiku. Mwombe mtu akupige kutoka mita mbili, uso umeelekea mbele, kisha nyoosha uzi wa cherehani kutoka katikati ya nyusi, upite kwenye kijibonde cha mdomo wa juu, hadi katikati ya kidevu. Utaona pua inaacha uzi wapi, na utaona pia kama kidevu chenyewe ndicho kilichohama.

Hewa hupimwa kwa njia nyingine. Chukua kioo kidogo au kijiko cha bapa kilichokuwa kwenye friji, kiweke chini ya pua na utoe pumzi taratibu: yatatokea madoa mawili ya ukungu. Doa moja likiwa dogo sana, rudia baada ya saa chache, tena siku nyingine. Nasisitiza kurudia kwa sababu pua yenye afya hupokezana zamu. Utando wa upande mmoja huvimba kidogo wakati wa pili ukisinyaa, kisha baada ya saa kadhaa hubadilishana, jambo ambalo daktari Mjerumani Richard Kayser alilieleza tangu 1895. Aliyezibwa leo kushoto na kesho kulia, shida yake kwa kawaida si ukuta uliopinda bali ni utando unaovimba, na mara nyingi ni mzio wa vumbi, wa wadudu wa godoro au wa manyoya ya paka. Aliyezibwa upande uleule mwaka mzima ndiye wa kuutilia shaka ukuta.

Hapa niweke neno kuhusu hizo "nyama za pua" zinazotajwa mitaani, maana jina hilo limebeba vitu vitatu na limewaponza watu. Kuna mikunjo ya kawaida iliyomo kwenye kuta za pembeni za kila pua, si ule ukuta wa kati, mitatu kila upande, ambayo kazi yake ni kuipasha hewa joto na unyevu. Hiyo ni mali yako, na ukuta wa kati ukipinda kwenda kushoto, mkunjo wa kulia huwa na tabia ya kukua kujaza nafasi iliyobaki, ndiyo maana wengine huziba upande ambao ukuta haukuelekea. Kuna vinyama laini vya kijivu, kama zabibu iliyomenywa, vinavyoota kwa wenye uvimbe wa muda mrefu wa utando wa pua. Na kuna tishu zilizo nyuma ya pua ya mtoto, jamaa wa tonsili, zinazomfanya akorome na kuacha kinywa wazi. Matibabu ya kila kimoja ni mbali na ya mwenzake, na anayekuuzia dawa moja ya unga ya kukausha "nyama" zote tatu anakuuzia hasara. Nimekutana kliniki na mtu aliyeunguzwa ndani ya pua na unga wa namna hiyo.

Pua hupindaje kwa asiyewahi kupigwa? Wengine huzaliwa nayo, kwa kubanwa tumboni au njiani wakati wa kuzaliwa. Wengi huanguka utotoni, wakalia, wakasahau, kisha gegedu lililochanika kidogo likakua kombo hadi balehe ilipolidhihirisha. Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura wa upande mmoja karibu kila mara huwa na pua iliyovutwa, kwa kuwa mwanya wa mdomo umeondoa msingi wa tundu la upande huo, na matibabu yake huenda pamoja na ya mdomo. Ukoma uliochelewa kutibiwa huweza kula gegedu na kuubomoa mgongo wa pua. Vilivyobaki ni vya kawaida yetu: bodaboda, ngumi, mlango, mpira.

Na bibi zetu? Nimemshuhudia shangazi yangu akimkanda mjukuu wa siku tisa, mafuta ya nazi kiganjani, vidole viwili vikivuta mgongo wa pua kutoka juu kwenda chini, akihesabu hadi saba, ili mtoto "asiwe na pua ya kukaa". Mapenzi yale siyadharau. Lakini pua ya mtoto itafuata urithi na ukuaji, haifuati vidole, na mtoto mchanga hutegemea pua kupumua kuliko sisi, hasa anaponyonya. Kuibana na kuipaka mafuta hadi ndani ni kumwekea kizuizi. Vibanio vya plastiki vinavyouzwa mitandaoni kwa ajili ya watu wazima navyo ni hadithi ileile: vinaacha alama nyekundu kwa nusu saa, na gegedu hurudi lilikokuwa.

Tuje kwenye tiba, nami nianze na ile isiyopendwa. Kama hewa inapita, muhina haukusumbui na sura yako haikukeri, pua iliyopinda haihitaji kufanywa chochote. Watu wenye ukuta wa pua ulionyooka kama rula ni wachache, na wengi wenye upindo hawajui kuwa wanao.

Kama kuna kuziba, dawa huja kwanza, kwa sababu dawa hutibu utando uliovimba juu ya upindo, na wakati mwingine huo uvimbe ndio ulikuwa shida nzima. Dawa za kupuliza za jamii ya steroidi, kama mometasoni, flutikasoni au budesonidi, hutumiwa kila siku kwa wiki kadhaa kabla ya kuhukumiwa, na kichupa huelekezwa upande wa sikio, si kwenye ukuta wa kati. Maji ya chumvi husafisha. Ila zile dawa zinazofungua pua kwa dakika mbili, za oksimetazolini au zailometazolini, zisizidi siku tano hadi saba. Ukizizoea, pua hulipiza kwa kuziba zaidi, nawe unaongeza dozi. Nilikaa kwenye mzunguko huo miezi minane, kichupa mfukoni kama rozari.

Dawa hainyooshi ukuta. Hilo limebishaniwa miaka mingi, hadi watafiti wa Uingereza walipowagawa kwa kura watu wazima 378 waliozibwa na ukuta uliopinda, katika hospitali 17, wengine wapasuliwe na wengine watumie steroidi na maji ya chumvi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2023. Baada ya miezi sita, kwa kipimo cha kero za pua kinachoanzia 0 hadi 110, waliopasuliwa walikuwa na wastani wa 19.9 na wenzao 39.5. Hao walikuwa wamechaguliwa kwa kuwa kweli wana ukuta uliopinda na kweli wameziba. Matokeo yao hayamhusu mwenye mzio anayetafuta kisu.

Upasuaji wa ukuta peke yake hufanyiwa ndani, kwa nusu kaputi, bila kovu la nje. Utando unainuliwa kutoka kwenye gegedu, sehemu iliyopinda inapunguzwa au kunyooshwa, lakini daktari huacha mhimili wa umbo la herufi L, kwa juu na kwa mbele, wenye upana usiopungua sentimeta moja, kwa sababu ukiondolewa huo pua huketi kama tandiko la punda. Upasuaji huu hufungua njia ya hewa na huenda usibadilishe chochote cha nje. Anayetaka vyote viwili huhitaji upasuaji wa pua nzima: mifupa hukatwa na kupangwa upya, na vipande vya gegedu kutoka ukutani, sikioni au ubavuni huwekwa kama viegemeo. Huo ni mrefu zaidi na mgumu zaidi, uvimbe wake huweza kuchukua mwaka mzima kuisha ncha ya pua ikiwa ya mwisho, na wapo wanaolazimika kurudi mezani mara ya pili. Kwa vijana, wapasuaji wengi husubiri uso ukome kukua, wasichana wakiwa na miaka 15 au 16 na wavulana 17 au 18, isipokuwa pale kuziba kunapokuwa kukubwa.

Naishia hapa kwanza. Ulizeni.

Mchangiaji, jibu la 4:
Kaka, asante kwa uzi. Mwanangu ana miaka sita, alianguka jana jioni kwenye ngazi, akaangukia uso. Damu ilikoma yenyewe, pua kwa nje haijapinda sana. Ila leo analia kuwa haiwezi kupitisha hewa pande zote mbili, na nikimulika tochi naona kama kuna kitu chekundu kimevimba kila upande. Nisubiri hizo siku tatu hadi tano ulizosema?

Mwanzisha uzi:
Hapana, dada yangu, usisubiri. Siku tatu hadi tano ni za uvimbe wa nje. Unachokieleza huenda ni damu iliyojikusanya kati ya ukuta na utando wake, na hiyo hutibiwa siku hiyohiyo. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando uliolishika. Damu ikiingia katikati na kuwatenganisha, gegedu linakaa na njaa, na ndani ya siku tatu au nne huanza kufa, au damu hiyo hugeuka usaha. Mtoto hapo hupoteza nguzo ya pua inayokua. Mpeleke sasa kwenye hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo. Kama mlipo hakuna, daktari wa zamu wa hospitali ya wilaya anaweza kuanza. Mwambie kwa maneno haya: pande zote mbili zimeziba tangu aanguke, na kuna uvimbe laini ukutani.

Mchangiaji, jibu la 4, siku iliyofuata:
Walimtoa damu nzito karibu kijiko cha chai, wakaweka pamba pande zote mbili ili utando ushikamane, na yuko kwenye dawa za kuua bakteria. Tunarudi kuangaliwa kesho. Daktari wa zamu alitaka kuturudisha nyumbani kwa kuwa pua ilikuwa imenyooka, hadi nilipomwomba amulike ndani.

Mchangiaji, jibu la 9:
Mkuu, mbona hujagusa sindano? Rafiki yangu amenyooshwa pua kwa nusu saa, bila kisu, na ametoka akienda kazini.

Mwanzisha uzi:
Ni kweli zipo, mkuu. Hudungwa ute wa asidi ya haialuroniki kwenye upande uliobonyea ili macho yaone mstari ulionyooka. Pua haijanyooshwa, imejazwa, kama fundi anavyopiga plasta ukuta wenye tumbo. Huisha baada ya miezi kadhaa hadi mwaka na nusu hivi, na haifungui hewa hata kidogo. Kinachonitisha ni mahali penyewe: mishipa ya damu ya pua imeungana na ya jicho, na ute ukiingia kwenye mshipa badala ya pembeni yake, ngozi ya pua huweza kufa na jicho huweza kupofuka, pengine dakika hizohizo. Pua ni miongoni mwa sehemu za hatari zaidi za uso kwa sindano hizo. Anayedungwa na mtu asiye daktari, saluni, bila kimeng'enya cha kuyeyusha ute huo mezani, amebahatika tu.

Mchangiaji, jibu la 13:
Mwanangu, mimi nina miaka 66. Pua yangu haikuwahi kupigwa. Ncha imeshuka na umri, hilo nimelikubali, lakini tangu Ramadhani tundu la kulia limeziba, kamasi lina damu damu, na shavu la upande huo naliona limejaa. Mjukuu ameniambia nitumie dawa ya kupuliza.

Mwanzisha uzi:
Shikamoo mzee wangu. Kushuka kwa ncha ni kawaida ya umri, kwani vishikizo vya gegedu hulegea. Hayo mengine siyo. Kuziba kwa upande mmoja kulikoanza ukubwani, pamoja na damu na uvimbe wa shavu, kunahitaji kuangaliwa kwa kamera ndogo ya puani, picha ya CT, na pengine kukatwa kinyama cha kupimwa, kwa kuwa uvimbe unaoota ndani huanza hivyohivyo na huweza kuisukuma pua upande. Huenda kikawa kitu kidogo. Nakusihi usitumie kichupa cha mtu, na kliniki uende wiki hii.

Mchangiaji, jibu la 17:
Utaje na gharama, na pia kama kukoroma kunaisha. Na wewe mwenyewe ulipasuliwa? Imenyooka?

Mwanzisha uzi:
Gharama siandiki, kwa kuwa nitakayoitaja leo itamdanganya atakayesoma mwakani. Uliza mambo mawili: je, upasuaji umeandikwa kuwa wa kufungua njia ya hewa au wa sura, maana bima nyingi hulipia wa kwanza na kuukataa wa pili; na je, bei unayotajiwa ina dawa ya usingizi, kitanda na marudio ndani yake? Kukoroma hupungua kwa baadhi, ila anayekatika pumzi usingizini asitegemee pua peke yake. Njia huzibia zaidi kooni.

Mimi nilipasuliwa ukuta na mifupa kwa pamoja. Maumivu yalikuwa madogo kuliko nilivyoogopa. Kero ilikuwa kulala nimeketi, kinywa kikiwa kikavu kama mchanga, na meno ya mbele ya juu kufa ganzi kwa wiki kadhaa. Nilikatazwa kupenga kamasi, kunyanyua mizigo na kuegemeza miwani puani, kwa hiyo niliitundika kwenye paji la uso kwa plasta kwa wiki sita. Siku ya saba daktari alichomoa vipande viwili vya plastiki laini, kila kimoja kirefu kama kidole changu cha kati, nikashangaa vilikuwa vimekaa wapi. Hewa iliyoingia kushoto ilikuwa baridi, nikadhani kuna feni imewashwa.

Kuhusu kunyooka, uzi wa cherehani bado unaniambia kuna milimita mbili upande wa kushoto. Daktari alinionya mapema kuwa gegedu lililopinda miaka mingi huwa na tabia ya kurudi kidogo lilikotoka, akaniuliza kama nataka arudie. Nilikataa. Miwani nimempelekea fundi wa nne, na huyu nilimwambia mapema kuwa kosa si la fremu. Amekunja mguu wa kulia kidogo, nayo imekaa sawa.